Nilivyolisoma Jedwali la Nne na majirani zangu wa Langoni

Katika Katiba ya Kenya ya 2010 kuna kurasa chache ambazo natamani kila nyumba ya Lamu iwe nazo. Ni Jedwali la Nne, linalotaja kazi za serikali ya kitaifa na kazi za kaunti. Niliamua kulisoma pamoja na watu wa mtaa wangu wa Langoni kwa sababu malalamiko yetu yalikuwa yakimwendea yeyote aliyepatikana karibu. Habari za taa za vichochoroni aliambiwa chifu, naye ni mtumishi wa serikali ya kitaifa. Kitambulisho kikichelewa aliulizwa mwakilishi wa wadi, ambaye hana mamlaka nacho.

Tulikutana kwenye darasa la madrasa baada ya Alasiri. Vifungu niliviacha kwanza. Kila mtu alitaja shida yake, nikaiandika kwenye karatasi kubwa ukutani, kisha tukaitafuta kwenye Jedwali. Zahanati, maji, masoko, taa za barabarani, takataka: kaunti. Polisi, mahakama, shule za msingi na sekondari: kitaifa. Sehemu hiyo ilikwenda upesi.

Tulipokwama ni baharini. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, aliniuliza: “Mwanangu, nambia yambo moya. Hii bahari ni ya nani?” Kwa mji unaoishi kwa vyombo, swali hilo lilistahili jioni nzima, na tulilipatia. Uvuvi ni kazi ya kaunti. Feri na bandari nazo zimetajwa upande wa kaunti, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Safari za baharini kwa jumla ziko upande wa kitaifa, na Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, ni mradi wa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mvuvi mmoja, kwa chombo kimoja, anaweza kuwa na shughuli na serikali mbili asubuhi moja.

Hapo nikawasomea habari ya kesi ya wavuvi wetu kuhusu bandari hiyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76, na ikasema pia kwamba serikali ya kaunti ilipaswa kushirikishwa katika mradi. Kifungu cha 6 cha Katiba kinasema serikali hizi mbili ni tofauti lakini zinategemeana, na zinapaswa kushauriana. Mzee alitaka nikirudie kifungu hicho polepole. Nami naona ndicho kiini cha ugatuzi wote: Nairobi haiwezi kuigeuza bahari ya watu huku ikiipita kaunti yao kana kwamba haipo.

Kijana mmoja anayefuatilia sana siasa za Marekani akauliza kwa nini gavana wetu hana nguvu kama za gavana wa kule. Nilifurahi alivyouliza, maana jibu linafungua mambo mengi. Marekani ilianza na makoloni 13 yaliyogeuka majimbo, kisha majimbo hayo yakakubali kuunda serikali ya shirikisho kwa katiba iliyoandikwa 1787. Marekebisho ya Kumi, ya 1791, yanasema mamlaka ambayo serikali ya shirikisho haikupewa, na majimbo hayakukatazwa, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Ndiyo maana sheria za ndoa, shule na leseni za udereva hutofautiana jimbo kwa jimbo. Kwetu ni kinyume. Kifungu cha 186 kinasema kazi ambayo kaunti haikupewa ni ya serikali ya kitaifa. Kaunti haina polisi wake wala mahakama zake.

Wazee walikumbuka majimbo ya 1963, yaani mikoa yenye mamlaka yake, yaliyopiganiwa na chama cha KADU chini ya Ronald Ngala wa Kilifi. Chama kilivunjwa Novemba 1964, Kenya ikawa jamhuri mwezi uliofuata, na mamlaka ya majimbo yakaondolewa. Safari hii angalau mgao wa fedha umelindwa ndani ya Katiba yenyewe: kaunti zote 47 kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge.

Baada ya hayo tukaandika maombi. Mfano mgumu ulikuwa uwanja mmoja wa shule wenye chekechea na darasa la kwanza: chekechea ni ya kaunti, darasa la kwanza ni la kitaifa, na ukuta wa katikati ni mmoja. Barua ikawa mbili. Choo cha chekechea tulikitia kwenye hati ya maoni ya bajeti ya kaunti, tukiwahi Aprili 30, tarehe ya mwisho ya makadirio kufikishwa kwenye bunge la kaunti. Madawati ya darasa la kwanza tuliyaombea kamati ya NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge, kwa kuwa fedha zile kisheria ni za kazi za kitaifa tu. Nakala zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa, na kina mama wawili waliojitolea wanafuatilia majibu, kila mmoja kwenye ofisi yake.