Datsun 240Z yangu: pointi zimestaafu

Wiki ya kwanza

Kwa miezi mitano nimekuwa nikizionea kabureta. Kila gari lilipokohoa kwenye mlima wa Mai Mahiu, nikifika nyumbani nazifungua zote mbili, nasafisha jeti, nageuza nati za mchanganyiko, naomba Mungu. Jumatatu liko zima, Alhamisi linakohoa tena. Jumamosi iliyopita Mzee, fundi aliyenifunza kushika spana, alipita akanikuta mikono imeloa petroli hadi kwenye kiwiko.

"Kijana, hizo kabureta zimekukosea nini?"

Nikamweleza. Hakujibu. Aliniambia nifungue kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa moto kwa kila plagi, nitoe rota, nishike kile kijiti cha katikati kwa vidole viwili nikitikise. Kilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Haya, sasa pima."

Kitabu cha kiwanda kinataka mwanya wa pointi, vile vyuma viwili vinavyofunguka ili moto uruke, uwe kati ya milimita 0.45 na 0.55. Kijiti kina pembe sita, moja kwa kila silinda. Nilizungusha kranki kwa spana polepole, nikapitisha fila geji kwenye kila pembe na kuandika kwa chaki sakafuni: 0.50, 0.48, 0.35, 0.36, 0.47, 0.52. Bushi zimelika, kijiti kinayumba, kwa hiyo kila silinda ina saa yake. Mwanya ukipanuka moto unawahi, ukibana moto unachelewa. Tulipowasha na kumulika puli kwa taa ya taiming, inayoonyesha moto unaruka wakati gani, ile alama nyeupe haikutulia hata kidogo, ilikuwa inacheza chakacha. Na mimi miezi mitano niko na kabureta.

Kwa wasiolijua gari lenyewe: ni la mwaka 1972, injini ni L24, silinda sita mstari mmoja, sentimita za ujazo 2393, kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU. Ndilo umbo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 likampa Shekhar Mehta ushindi wake wa kwanza kati ya mitano. Ule wa 1973 alilingana alama za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, na Mehta akapewa kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Langu halijawahi kushindana na yeyote. Nililikuta Naivasha, kuku wameshahamia kiti cha abiria.

Wiki ya pili

Njia zilikuwa mbili. Kupeleka distribyuta ya zamani kwa fundi wa mashine achonge bushi mpya, au kuachana na pointi kabisa. Nimechagua ya pili: distribyuta ya Datsun 280ZX, ile yenye kisanduku cha E12-80 ubavuni. Injini za L24 na L28 ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo inaingia bila kukata chuma, ila lazima uipate pamoja na kikalio chake, kwa maana kikalio cha 240Z hakiikubali. Binamu yangu aliye Texas ameipata kwenye gari bovu na kunitumia, kikalio kikiwemo.

Ndani yake hakuna kinachogusana. Badala ya vyuma viwili vinavyofungana na kufunguka, kuna nyota ya meno sita inayozunguka karibu na sumaku. Kila jino likipita, kisanduku kinakata umeme wa koili, ile inayozalisha moto wa plagi, na moto unaruka kwenye plagi. Hakuna cha kulika, hakuna cha kupima kila baada ya miezi mitatu. Watakaosema nimeharibu uasilia wa gari nawaelewa, na distribyuta ya zamani nimeifunga kwa gazeti iko kabatini. Wanaotaka kuja kuipima kwa fila geji saa mbili usiku kando ya barabara ya Naivasha, karibuni.

Koili nilinunua duka moja mjini. Sanduku zuri, stika inang'aa. Nilipoipima kwa mita ilikuwa na omu 3.1, yaani koili ya pointi iliyovalishwa nguo za koili ya elektroniki. Nimeirudisha kwa maneno mengi. Ya sasa ina omu 0.8.

Wiki ya nne

Kufunga kulichukua saa moja. Kujua kwa nini gari haliwaki kulichukua siku mbili.

Kabla ya kutoa kitu chochote, nilileta silinda ya kwanza juu kabisa ikiwa kwenye kubana, alama ya puli kwenye sifuri. Ukichungulia tundu la distribyuta hapo unaona mfereji wa shafti inayozungusha pampu ya oili. Unatakiwa ulale kama mshale wa saa tano na dakika ishirini na tano, kile kipande chembamba kikiangalia mbele ya gari. Wangu ulikuwa hapo hapo, nikapumua. Usipokuwa hapo, kuna mtu alishashusha pampu akairudisha ovyo, na taiming utaitafuta mpaka uzeeke. Waya za plagi nikazipanga 1-5-3-6-2-4, kinyume cha saa. Kisanduku kina miguu miwili tu: B inakwenda chanya ya koili, C hasi.

Nikageuza funguo. Likawaka mara moja, sauti tamu, nikaachia funguo nifurahi. Likazima. Tena: linawaka, naachia, linazima. Mara kumi. Jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza kama nafundisha gari kuhesabu.

Sababu ilikuwa resista. Kwenye mfumo wa pointi, umeme wa koili unapitia resista ya kauri ili kuulinda usizidi. Wakati wa kupiga stata tu ndipo koili inapewa volti zote kwa waya wa pembeni. Mimi nilitoa resista kwa sababu mfumo mpya hauitaki, nikafunga ncha za waya kwa tepu nyeusi, kila moja peke yake, kwa usafi kabisa. Kwa hiyo funguo ikiwa kwenye stata koili inakula kwa mlango wa pembeni, ukiachia hakuna njia. Nikaziunganisha zile ncha mbili, nikawasha, nikaachia. Likabaki linanguruma.

Ila mshale wa mizunguko kwenye dashibodi umeanza uchawi. Kwenye 240Z umeme wa koili unapita ndani ya saa ile ya mizunguko, ndivyo inavyohesabu, na sasa umeme ule umebadilika. Injini iko 800, mshale unasoma 2000, halafu unaanguka chini kama umepigwa na usingizi. Nimeuacha. Kwa kazi ya taiming natumia mita ya mkononi.

Wiki ya tano

Plagi mpya, NGK BP6ES, mwanya nimeupanua kutoka milimita 0.8 hadi 1.0 kwa kuwa moto sasa una nguvu ya kuruka. Valvu nimezipima injini ikiwa moto: 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa. Mbili zilikuwa zimebana.

Kisha taiming. Bamba la ndani ya distribyuta hii limechapwa 8.5. Hizo ni nyuzi ambazo vizito vyake huusogeza moto mbele kadiri injini inavyokimbia, zikihesabiwa kwenye distribyuta. Kwenye kranki ni mara mbili, 17, kwa sababu distribyuta huzunguka mara moja kranki ikizunguka mara mbili. Nikachomoa hosi ya vakyumu, nikaiziba, nikaweka 17 injini ikinguruma taratibu bila kukanyaga mafuta. Nilipoipandisha hadi 3000 taa ikaonyesha 34, na alama ya puli imesimama wima kama askari wa Ikulu. Nilimwita Mzee aje aone. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mai Mahiu nimepanda kwa gia ya tatu bila kurudi ya pili. Miezi mitano.

Wiki ya sita

Sasa ndiyo zamu halali ya kabureta. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na ya pwani. Kabureta iliyopangwa kwa kitabu huku inamwaga petroli kuliko hewa inavyoweza kuchoma, na plagi zinatoka nyeusi za masizi. Kitabu kinasema nati ishushwe mizunguko miwili na nusu. Mimi nimeishia mmoja na robo tatu. Kulinganisha uvutaji wa kabureta mbili nimetumia kipande cha hosi sikioni, huku na huku, hadi mluzi ukafanana. Plagi sasa zina rangi ya biskuti.

Wiki ya nane

Harusi Mombasa, na nani angeenda kwa basi? Hadi Mtito Andei gari lilikuwa linaimba. Baada ya hapo barabara inateremka, joto linapanda, na kila nilipokanyaga gia ya nne kupita lori nilisikia njugu mawe zikitikiswa kwenye kopo. Mara ya kwanza nilidhani ni bamba la ekzosi. Mara ya tatu nilijua: injini inagonga. Ile taiming iliyokuwa tamu Nairobi imekutana na hewa nzito, silinda zinajaa zaidi, na mchanganyiko wangu nilioupunguzia petroli kwa ajili ya mlima umekuwa mkavu mno. Ndivyo watu wanavyotoboa pistoni.

Voi niliegesha chini ya mti. Spana namba 10, nikalegeza bolti ya distribyuta, nikaizungusha kidogo kuufuata mzunguko wa rota. Taa ikasoma 14. Nati za kabureta nikazishusha nusu mzunguko kila moja. Mke wangu alikaa ndani na viatu vya harusi mapajani, hakusema neno, jambo ambalo si dalili nzuri.

Kuanzia Maungu hadi Mazeras halikugonga tena.

Siku ya kurudi nilisimama Voi chini ya mti ule ule. Safari hii nimepaka alama mbili kwenye kikalio cha distribyuta, moja ya Nairobi na moja ya Pwani, kwa rangi ya kucha nyekundu. Chupa iko kwenye sanduku la spana. Bado haijaulizwa.