Siku moja kitaluni na mikeshia

Saa 11 alfajiri. Nikishasali naenda moja kwa moja kwenye sufuria ya jana usiku. Mbegu ya mkeshia, mti wa kuni wa jamii ya akasia, ina gamba gumu, ukiifukia hivi hivi utasubiri mpaka uchoke. Kwa hiyo maji yanachemshwa, yanateremshwa motoni, mbegu zinatiwa humo na kulala mpaka asubuhi. Zilizovimba nakwenda nazo kazini, zilizobaki ngumu zitarudia kuoga leo usiku. Mume wangu keshasema nitafute sufuria nyingine.

Saa 1 nipo kitaluni, Kibele, hapa Unguja. Tunamwagilia kabla jua halijakolea. Mche mchanga wa mkeshia una vijani vidogo vya kuchanika, utadhani mkwaju. Ukikua kidogo, kikonyo kinaanza kutanuka na kuwa bapa, na vile vijani vinatoweka. Kwenye mti mkubwa, hicho tunachokiita jani ni kikonyo tu. Leo nimepata mche wenye vyote viwili, nikamwonesha shoga yangu. Akaugeuzageuza: "Kumbe huyu anatuhadaa tangu mdogo!"

Saa 3, kujaza viriba. Mchanga, samadi, na udongo kidogo uliochotwa chini ya mikeshia mikubwa. Huo wa mwisho siukosi, maana una vijidudu vinavyoingia mizizini na kunasa naitrojeni ya hewani. Ndiyo maana mti huu unamea hata penye ardhi iliyochoka. Chai, muhogo wa kuchemsha, mgongo unauma.

Saa 5 tunaokota mbegu. Baadhi ya miti imeshaanza maua, vishada vyembamba vya njano, na mtandio wangu umejaa vumbi lake. Maganda makavu yamejisokota, yamepasuka, na kila mbegu nyeusi inaning'inia kwa kiuzi cha rangi ya chungwa. Ukiwa na haraka unaivuta mbegu na kiuzi chake, kazi ya kuisafisha unaikuta nyumbani.

Saa 8 mchana, baada ya adhuhuri, kaja mzee mmoja anayetaka miche ya uwandani kwake, kwenye ardhi ya mawe.

"Lakini mwanangu, mti wenyewe mgeni huu, chini yake hakuoti kitu."

"Kweli mzee wangu, majani yake yanarundikana na hayaozi upesi. Usiuchanganye na muhogo. Ila kwa ugeni, hata mkarafuu ulitoka Maluku, kule kule Indonesia anakotoka huyu."

Akacheka. Kwao mkeshia ni Indonesia, Papua New Guinea na kaskazini ya Australia. Mimi siutetei kila pahala, na msitu wa asili haufyekwi kuupisha. Lakini kwenye mawe yenye udongo wa kuhesabu, anayehitaji kuni na mkaa apande nini kitakachokua upesi hivi? Tusipopanda, shoka litaenda kwenye mikoko. Mzee kachukua miche, kaipakia kwenye gari la ng'ombe.

Saa 10, kumwagilia tena, kisha alasiri na nyumbani.

Saa 2 usiku simu inalia. Mteja anataka mikeshia ya kivuli ubavuni mwa nyumba ya bati. Nikamwambia matawi yake hukatika upepo ukivuma, achukue miembe. Anasema miembe inachelewa. Basi, nikamwambia, aipande mbali na paa, na pesa alete asubuhi.