Vinundu vimerudi: kumbukumbu ya mradi wangu wa maharage, Uyole

Leo asubuhi nimeng'oa mche wa maharage katika kopo la nne, nikasuuza mizizi taratibu na kuhesabu vinundu kumi na tisa. Nilipopasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu kama fizi, dalili ya kinundu kinachonasa nitrojeni ya hewani kwa ajili ya mmea. Miezi miwili nimeisubiri rangi hiyo.

Bakteria wanaounda vinundu hivyo, Rhizobium, niliwatoa shambani mwezi Machi, na tangu hapo nawahamishia kwenye agari mpya (rojo iliyoganda ya kuwalishia) kila baada ya wiki mbili. Walistawi bila shida, wakitoa madoa meupe yenye ute yasiyofyonza wekundu wa agari. Hata hivyo, tangu Juni kila mbegu niliyoichanja, yaani kuipaka bakteria hao, ilitoa mche wa njano wenye mizizi mitupu. Nililaumu mchanga, nikalaumu mbegu, nikachemsha vifaa upya mpaka mke wangu akaidai sufuria yake ya presha.

Kosa lilikuwa langu. Kwa ajili ya baridi ya Juni nilitengeneza kiatamizi cha boksi la povu na taa ya wati 40, nikaweka kipimajoto chini kabisa, ambako kilisoma nyuzi 28 siku zote. Nilipokipandisha kwenye rafu ya sahani za agari, kilisoma 38. Rhizobium wa maharage hubeba jeni za kuunda vinundu kwenye plasmidi, kipande cha DNA kilicho kando ya kromosomu, na joto kali huweza kuwafanya waipoteze. Hata bila joto, plasmidi hiyo haijatulia: katika Rhizobium etli CFN42, mwenye plasmidi sita, ile ya vinundu ina takriban jozi 371,000 za besi, na nifH, jeni ya kunasa nitrojeni, imo mara tatu, hivyo nakala mbili zikiungana, kipande cha katikati huweza kung'oka. Kwenye agari iliyojaa chakula, aliyetua mzigo huo hapungukiwi chochote. Kwa kila uhamisho, basi, huenda nilikuwa nachagua wavivu.

Kopo la nne lilichanjwa kwa bakteria wa Machi, waliobaki kwenye friji. La tano, la wale wa boksini, halina kinundu hata kimoja. Bila kipimo cha jeli, kinachotenganisha DNA kwa ukubwa, siwezi kusema kama imepotea plasmidi nzima au kipande.

Nilipanga wiki hii kutengeneza chanjo ya mbegu za jirani. Itasubiri, kwa maana sasa nataka kujua kama boksini amesalia hata mmoja anayeunda vinundu. Makopo kumi nimekwisha kuyajaza mchanga, doa moja la bakteria wa boksini kwa kila kopo, na vipimajoto viwili vya kioo; kile cha kidijitali cha bei rahisi nimekirudisha jikoni.