Mkoba wa fedha za aina tatu

Mwaka 2018, mvua za Septemba zilipoanza kuishika Bukavu, mama mmoja muuza vitenge aliingia karakana yetu ya mikoba ya ngozi, Kadutu, na mfuko wa plastiki mkononi. Akamwaga mezani kila kitu anachotembea nacho akivuka daraja la Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda: simu mbili, bunda la faranga za Kongo, bahasha ya dola, faranga za Rwanda zilizofungwa kwa mpira, karatasi ya kuvukia mpaka, kalamu, kikokotoo na funguo.

"Mwanangu, sitaki unishonee," akasema. "Nataka nishone sakoshi yangu mwenyewe, wewe uniongoze. Nijue kila kitu kinakaa wapi hata gizani."

Cherehani alikuwa anaijua tangu usichana wake, na hilo lilisaidia, ila ngozi ina sheria zake. Kitambaa kikishonwa vibaya hufumuliwa, tundu likajifunga. Ngozi ikishatobolewa, tundu halifi. Kwa hiyo pini zikawekwa kando. Vipande hushikwa kwa gundi nyembamba, au kwa vibanio vya kuanikia nguo vilivyobandikwa kipande cha ngozi laini mdomoni ili visiache alama.

Hatukugusa kisu siku ile. Tulipima vitu. Watu wengi huanza na umbo la mkoba, wakamaliza kuushona, ndipo wanatafuta pa kutia simu. Mkoba wa mfanyabiashara huanzia ndani. Dola ya Marekani, iwe ya 1 au ya 100, ina urefu wa sm 15.6 na upana wa sm 6.6, na kwetu noti ya dola iliyochanika hata ukingoni hukataliwa au hupokelewa kwa hasara. Basi dola zilale wazi bila kukunjwa: mfuko wa zipu wenye upana wa sm 17.5 na kina cha sm 9. Faranga za Kongo ni hesabu nyingine kabisa. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu faranga 1,600, yaani dola 100 zikishikwa kwa noti za 500 ni noti 320. Bunda hilo, likiwa la noti zilizochakaa, linapita sm 3 za unene. Ukilisukuma kwenye mfuko bapa, mshono wa pembeni ndio unaobeba nguvu yote, na huanza kuachia kwenye kona ya juu.

Kwa mfuko bapa tunafuata hesabu hii: upana wa kitu, ongeza unene wake mara mbili, ongeza sm 1 ya mshono. Simu zake zilikuwa na upana wa sm 8 na unene wa karibu sm 1 zikiwa na kava, hivyo kila moja ikapewa sm 11. Urefu wa simu ulikuwa sm 16, mfuko tukaupa kina cha sm 13. Sentimita 3 zinazobaki nje ndizo vidole vinazoshika. Mfuko wa bunda ukahitaji kuta: uso wa sm 18, ukuta wa sm 3 kila upande, sm 1 ya mshono kila upande, jumla sm 26. Chini napo ukuta wa sm 3. Ukuta wa pembeni hukunjwa katikati kuelekea ndani, kwa hiyo mfuko ukiwa mtupu unalala bapa.

Vipimo vyote tulivikata kwanza kwenye boksi la katoni, tukavibana, mama akajaribu kutia na kutoa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mfuko wa karatasi ya mpaka haupimwi kwa karatasi peke yake. Hata kitabu cha ukubwa wa pasipoti kina sm 12.5 kwa 8.8 tu, lakini mkono nao lazima uingie. Tuliupa sm 16 kwa 15, tukauweka nje, upande unaogusa mwili, ambapo mtu wa nyuma kwenye foleni haufikii.

Ngozi ilikuwa ya ng'ombe, ya kahawia, unene wa karibu mm 1.8 kwa mwili wa mkoba na mm 1 kwa mifuko. Kabla ya kulipa tuliangalia ukingo uliokatwa. Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu mara nyingi huonyesha rangi ya kijivu au samawati katikati. Iliyotengenezwa kwa maji ya magome ya miti ni kahawia mpaka ndani, na tone la maji huiacha na doa jeusi kwa muda. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwenye kazi. Ile ya magome hukubali kulowanishwa, kukunjwa na kusuguliwa ukingo mpaka ung'ae. Ile ya kromu ni laini na huvumilia mvua vizuri zaidi, ila ukingo wake hausugukiki, inabidi ukunjwe au upakwe rangi. Mama alichagua ya magome kwa sababu alitaka mkoba unaosimama wenyewe juu ya kaunta.

Mkanda hukatwa mgongoni mwa ngozi, kwa urefu, kufuata uti wa mgongo. Ngozi ya tumbo hunyumbuka, na mkanda uliokatwa huko hurefuka kidogo kidogo mpaka mkoba unagonga goti. Tulikata vipande viwili vya upana wa sm 2.5 na urefu wa sm 115, tukavigundisha mgongo kwa mgongo. Nyuso mbili, ya mbele na ya nyuma, zilikuwa sm 32 kwa 25, kona za chini zikiviringwa kwa kipimo cha sm 4. Ubavu ulikuwa ukanda mmoja wa upana wa sm 10. Kwa hesabu, pande mbili za sm 25 na kitako cha sm 32 ni sm 82, na kona za mviringo zinapunguza kama sm 3.4. Tuliukata sm 82 hivyo hivyo. Kinachozidi hupunguzwa juu, mwishoni.

Bitana, yaani kitambaa cha ndani, ilikuwa pamba nyeupe. Wateja wengi hupenda rangi nyeusi kwa kuogopa uchafu, nami huwakatalia kila nikiweza: ndani ya bitana nyeusi funguo hazionekani. Simu mbili zina karibu gramu 400, na uzito huo ukining'inia kwenye pamba tupu, bitana hushuka na kujikunja chini. Dawa yake ni utepe wa ngozi ya mm 1, upana wa sm 5, unaozunguka sehemu ya juu ya bitana. Mifuko ya simu na ya bunda ikashikwa juu kwenye utepe huo. Pamba ikabaki na kazi ya kufunika tu.

Mfuko wa dola ulichukua muda kuliko yote. Dirisha la zipu lilikuwa na upana wa sm 1.2 na urefu wa sm 17.5, na kila pembe ilitobolewa tundu dogo la mviringo kabla ya kisu kupita, kwa maana ngozi huchanikia pale kisu kinapokomea kwa ncha kali. Gundi hukaa mm 3 mbali na meno ya zipu. Ikiyagusa, zipu hukwama na haisafishiki. Kisha kitako cha mfuko kikakunjwa nyuma ya dirisha, mshono ukapita mm 2 kutoka ukingoni. Haya yote yalishonwa bitana ikiwa bado bapa mezani, kwa cherehani yenye sindano ya ngozi namba 110 na mshono wa mm 3.5. Mshono mfupi zaidi ya hapo hutoboa ngozi matundu ya karibukaribu, na ngozi hukatika kwenye mstari huohuo. Mfuko wa nje na vishikio vya mkanda navyo vilishonwa kabla nyuso hazijakutana na ubavu. Chini ya kila kishikio tuliweka kiraka cha ngozi kwa ndani, maana bila kiraka riveti, yaani pini ya chuma inayobana kishikio, hulegea na kutoka na kipande.

Kufunga mkoba kulikuwa kazi ya mkono, sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta. Matundu yalipigwa kwa uma wa kutobolea ngozi, mm 4 kati ya tundu na tundu, na kwenye kona tukatumia uma wa meno mawili. Kingo zilikwaruzwa, zikapakwa gundi ya viatu pande zote mbili, tukasubiri mpaka kidole kisinate. Kwa kawaida ni kama dakika 10, lakini mvua ilikuwa inanyesha, na hewa ya unyevu huweka weupe juu ya gundi, ambayo ikibanwa hivyo hubanduka baadaye. Tulingoja zaidi.

Uzi wa mshono huu huhitaji kuwa mara 4 ya urefu wa mshono. Tulianzia katikati ya kitako kwenda juu, upande mmoja baada ya mwingine, ili kila kipande cha mshono kiwe karibu sm 40 na uzi wake sm 180 pamoja na mikia ya sindano. Mrefu zaidi ya hapo mikono haifiki, na uzi huchakaa kwa kupita matundu mengi. Mama alishika mpangilio haraka: sindano ya kulia itangulie kila mara, ya kushoto ifuate, vuta zote mbili kwa nguvu sawa. Mpangilio ukibadilika, mshono hulala upande mwingine na jicho huliona. Uzuri wa mshono huu ni kwamba uzi ukikatika upande mmoja, upande wa pili unashika bado. Wa cherehani hufumuka.

Kingo zilipigwa msasa namba 240, halafu 400, zikalowanishwa kidogo na kusuguliwa kwa mti laini, mwisho nta ya nyuki.

Bitana ilikuwa imeshashonwa mdomoni na zipu ya juu imeshakaa, mama akauliza kama tunaweza kuongeza mfuko wa kikokotoo ukutani kwa ndani.

"Mama, hapo sindano haifiki tena bila kufumua mdomo wote," nikamwambia.

Tulimkatia mfuko wa peke yake wa sm 14 kwa 10 kutoka kwenye mabaki, wenye kifuniko na ndoano ndogo, akaushona mwenyewe na kuuning'iniza kwenye pete ya mkanda, upande wa kushoto. Nilimpa pia kipande cha nta ya kupaka kila mwezi wakati wa mvua, na mfuko wa kitambaa wa kuuhifadhia, kwani ndani ya plastiki, kwa unyevu wa Bukavu, ngozi huota ukungu upesi.