Bedford la jeshi nyumbani Buswelu: nilianza na breki, injini ikafuata

Kila anayepita kwangu akiliona hili lori anauliza kitu kimoja, linawaka? Mimi toka siku naliona swali langu lilikuwa linasimama? Sababu Mwanza ni mji wa mawe na miteremko, ukitoka tu getini kwangu barabara inashuka mpaka chini kwenye lami, kuna watoto wa shule, kuna bodaboda, na Bedford RL hata likiwa tupu ni tani 4 na kitu. Kwaiyo nilijiambia injini itasubiri.

Kwa wasiolijua, RL ni lori la jeshi la Waingereza, lilianza kutengenezwa miaka ya 1950 na ndio lilikuwa linabeba askari na mizigo yao kabla halijaja Bedford MK. Linavuta matairi yote manne. Injini ni ya petroli, silinda 6 za mstari mmoja, lita 4.9, imekaa humo humo ndani ya kebini katikati ya dereva na abiria, ukifungua kifuniko unafanya kazi ukiwa umekaa kwenye siti. Juu ya abiria kuna tundu la mviringo kwenye paa, la askari kusimama na kuangalia. Hilo tundu ndio lilinifanya nilipende, sitaki kudanganya.

La kwangu lilimalizia kazi likibeba pamba upande wa Magu, halafu likaegeshwa chini ya mwarobaini miaka na miaka, kuku wanatagia kwenye kebini. Kabla sijatoa hela nilipitia kadi, nikasugua chesisi kwa brashi ya waya mpaka namba iliyogongwa kwenye chuma ikaonekana, nikalinganisha, zikafanana. Halafu nikachukua nyundo ndogo nikagonga chesisi yote toka mbele mpaka nyuma, chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya bubu. Ililia yote. Hapa ziwa limetusaidia, maji yetu ni baridi na hewa yake haina chumvi, lori kama hili lingelala miaka hiyo yote Tanga au Dar sidhani ningekuta kitu. Kilichokuwa kimeoza ni sakafu ya kebini na ngazi za kupandia, mabati tu hayo, yanachomelewa.

Nikakodi gari la kubebea mitambo likaletwa nyumbani, nikaliweka kwenye magogo ya mninga, jeki pekee haiaminiki ukiwa chini ya uzito ule.

Sasa breki. Kufungua dramu kwanza, na hapa naomba unisikilize kama una mpango wa kufanya kitu kama hiki: shuu za zamani (vipande vinavyobana dramu gari lisimame) lainingi zake, yaani utando wake wa kusugua, zilikuwa na asbesto, lile vumbi jeusi ndani ya dramu usilipulize kwa kompresa na usilifagie likiwa kavu, lile ni sumu ya mapafu. Nililowanisha kwa maji yenye sabuni, nikafuta kwa matambara mabichi, matambara nikayafunga kwenye mfuko, na barakoa muda wote. Watoto hawakuruhusiwa kusogea kabisa.

Silinda za kwenye magurudumu, zile zinazosukuma shuu, ndani zilikuwa na vishimo vya kutu. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, yakikaa miaka bila kubadilishwa maji yanatulia chini na kula chuma. Silinda mpya za RL hapa Mwanza hupati dukani, ila fundi wa kukereza pale Nyakato alizipanua kidogo akaingiza bushi ya stenlesi, halafu akazirudisha kwenye kipimo chake cha mwanzo. Nilikaa nae nikaangalia, anatoa unyoya mwembamba wa chuma, anasimamisha mashine, anaingiza kipimo, anatikisa kichwa, anatoa tena kidogo. Vile vikombe vya mpira vya ndani ya silinda, vya kuzuia mafuta yasivuje, wala havina habari na jina la gari, vinaenda kwa kipenyo cha inchi, kwaiyo nilizunguka na kipimo mkononi kwenye maduka ya spea za malori mpaka nikapata vinavyolingana. Masta silinda, ile ya kwenye pedeli inayosukuma mafuta kwenda magurudumu yote, nayo ikapita njia hiyo hiyo.

Mabomba nilibadilisha yote. Kuna mtu alinishauri nitumie bomba la shaba la mafundi friji, rahisi kukunja na bei poa, nikakataa. Shaba tupu ikitikiswa sana inakuwa ngumu halafu inapasuka, na ikipasuka ni siku umekanyaga kwa nguvu. Nikaweka ya chuma. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki nikaanzia gurudumu la mbali zaidi na masta, nikasogea mpaka la karibu, mdogo wangu kwenye pedeli mimi chini na chupa.

Matairi ni inchi 20, na ringi zilizokuja na lori ni zile za pete, yaani tairi linashikiliwa na pete ya chuma inayotoka. Pete yenye kutu ikifyatuka wakati wa kujaza upepo inaua mtu, hilo mafundi wa matairi wote wanalijua ila wengi wanafanya hivyo hivyo. Mimi nilizisafisha mpaka chuma cheupe, mbili zilikuwa zimeliwa nikazitupa, nyingine zikajazwa upepo zikiwa ndani ya kizimba cha chuma kwa mpira mrefu, mtu amesimama mbali.

Vitu vidogo vya chuma, nati, bawaba, mabano, nilivitoa kutu kwa molasi, hii hii ya kulishia ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji kwenye pipa la plastiki, unatumbukiza, unafunika, wiki moja au mbili unatoa chuma kimebaki rangi ya kijivu, unasuuza na kupaka mafuta hapo hapo. Harufu yake majirani watakusema. Usiweke aluminiamu humo, italiwa.

Ndio nikaja kwenye injini. Ilikuwa imeganda. Nikatoa plagi, nikamimina mchanganyiko wa dizeli na ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) kwenye kila silinda, nikaacha, nikawa napita napita kuigusa kwa hendeli bila kulazimisha, mpaka siku moja ikasogea nusu inchi. Kupima mgandamizo, silinda mbili zilikuwa chini. Nikaongeza oili kidogo ndani nikapima tena, kipimo kisipopanda ujue ringi za pistoni ziko sawa shida mara nyingi ni valvu, na haikupanda. Hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) ikaenda kwa fundi, akaweka siti ngumu, pale zinapokalia valvu za moshi, sababu injini hizi zimezaliwa wakati petroli ina risasi na ya sasa haina.

Mzee mmoja jirani, aliyeendesha Bedford za pamba ujanani, alikuwa anakuja na kiti chake jioni. Siku ya kuwasha nimeshafunga platini mpya na kondensa, vile vya kutengeneza cheche, napanga waya za plagi kwa zamu ya silinda kuwaka, akaniambia, "Mwanangu, moja, tano, tatu, sita, mbili, nne, hiyo haibadiliki." Nikamjibu, "Ndio mzee, nimeshapanga hivyo." Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikakubali. Akasimama akashika boneti kwa viganja vyote viwili, hakusema kitu kingine.

Injini ilipokuwa hai ndio nikapima sevo ya breki, kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu, maana inatumia uvutaji hewa wa injini yenyewe: unakanyaga pedeli mara kadhaa injini imezimwa, unaishikilia, unawasha, pedeli ikizama kidogo chini ya mguu sevo inafanya kazi. Ilizama. Hapo ndio geti likafunguliwa, na kule kwenye mteremko nilisimama katikati mara nyingi kwa makusudi, gia ya chini, mdogo wangu anatembea pembeni na kabari la mti.

Rangi nimeweka ya udongo, kijani cha jeshi nimekiacha, sitaki raia mwenzangu au askari achanganye gari langu na la JWTZ, na rangi nimeifanyia mabadiliko kwenye kadi.

Saivi linatembea. Petroli linakunywa kweli kweli kwaiyo natoka nalo Jumapili tu, Buswelu mpaka Kisesa na kurudi. Bado raba ya kioo cha mbele, na turubai la nyuma, mshonaji ameshapima zile pinde za chuma, nimemwambia anitafutie turubai la pamba nzito, la plastiki silitaki.