Chupa ya Fanta imo ndani ya mkwaruzo

Anayewajua Abana ba Nasery, kundi la magitaa la Kenya, kwa albamu waliyorekodi London mwaka 1991 hushtuka akiwekewa santuri zao za zamani. Ile ya London ni safi: magitaa ya Shem Tube na Justo Osala unayatenganisha bila taabu, na chupa ya Fanta ya Enos Okola inalia kama kengele ndogo. Kwenye santuri za miaka ya 1960 na 1970 watu ni walewale watatu kutoka magharibi mwa Kenya, lakini magitaa yameshikana, sauti zimebanana, na juu yake kuna kitu kinachochemka kama mafuta ya mandazi. Wengi huzima hapohapo. Ni hasara kubwa, maana omutibo, ule upigaji wa vidole alioupa George Mukabi sifa kabla ya kufariki mwaka 1963, ulienea kwa santuri hizi ndogo na kwa redio. Tena sehemu kubwa ya uchafu unaousikia haumo kwenye rekodi yenyewe. Umo kwenye mashine yako ya kuchezea santuri, au umelala kwenye mifereji ya santuri, na wote huo unaondoka.

Anza na mashine. Ikiwa sauti inatoka nyembamba, haina besi kabisa na ni ya chini hata ukipandisha amplifaya hadi mwisho, umechomeka sindano ya sumaku kwenye tundu la kawaida, lile la simu au la sidii. Santuri hukatwa besi ikipunguzwa na sauti za juu zikiongezwa, kwa hiyo lazima pawe na kifaa cha kurudisha mizani hiyo. Amplifaya nyingi za zamani zinacho ndani, kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Kama yako haina, kanunue kisanduku chake Luthuli Avenue, Nairobi. Kinyume chake pia hutokea: mashine ina kifaa hicho ndani, nawe ukaichomeka PHONO, kazi ikafanywa mara mbili. Hapo besi inanguruma na sauti inapasuka. Tafuta swichi ndogo nyuma ya mashine.

Baada ya hapo, jambo linalosaidia kuliko yote, na halina gharama: sikiliza kwa mono, yaani spika zote zikitoa sauti ileile moja. Santuri hizi zilikatwa mono, maana yake muziki wote umo katika mtikisiko wa sindano kwenda kushoto na kulia. Sindano ya stereo husoma pia mtikisiko wa juu na chini, na huko juu na chini hakuna muziki hata kidogo, ni vumbi na mikwaruzo tu. Ukichanganya njia zote mbili kuwa moja, ule wa juu na chini unajifuta wenyewe. Amplifaya ikiwa na kitufe cha mono, kibonyeze. Kama haina, rekodi kwenye kompyuta kwa stereo kisha uchanganye hapo. Watu hutafuta sindano ya bei kabla ya kujaribu hili, wakati hili ndilo linalopunguza mchemko kwa namna ambayo hata mtoto ataisikia.

Kasi nayo. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri, uhesabu mizunguko kwa dakika moja. Inapaswa kuwa 45. Ukipata 46, wimbo umepanda kwa asilimia 2 na zaidi. Ukipata 47 umepanda karibu robo tatu ya nusu-toni, na waimbaji wameanza kuwa na sauti za kitoto. Mashine za mkoba za bei nafuu mara nyingi huenda mbio. Zenye mkanda uliolegea huburura. Kuna kosa jingine linalofanana na hilo ila si lake: sauti inayopanda na kushuka kama mtu anayeyumba, kila sekunde moja na theluthi. Huo ndio muda wa mzunguko mmoja, kwa hiyo tundu la santuri haliko katikati. Kwa santuri yenye tundu kubwa dawa ipo. Toa kile kiduara cha katikati, weka santuri kwa mkono, tazama kichwa cha sindano kinavyokwenda pembeni na kurudi, kisha sogeza santuri nusu milimita kwa nusu milimita hadi kitulie. Inahitaji subira, lakini nyuzi zikitulia utajua kuwa magitaa hayakuwa na kasoro ya kulinganishwa hata siku moja.

Kuhusu sindano nitasema machache. Sindano za stereo za kawaida zina ncha ya mikroni 18 hivi, na zile za mono zilikuwa 25. Santuri iliyochakazwa na sindano nyembamba kwenye kina cha mfereji wakati mwingine husikika safi zaidi kwa ncha ya 25, kwa sababu inapita juu kidogo, mahali ambapo ukuta haujaguswa. Uzito ufuate alichoandika mtengenezaji. Ukipunguza ukidhani unaihurumia santuri, sindano inarukaruka ndani ya mfereji na kuugonga, na hilo huharibu kuliko uzito wenyewe.

Sasa usafi. Vumbi la Nairobi ni laini na hushika. Kulifuta kwa kitambaa kikavu ni kulisugua ndani. Chukua mililita 800 za maji yaliyoondolewa chumvi, yale yanayouzwa vituo vya petroli kama maji ya betri (soma chupa vizuri, usichukue asidi), ongeza mililita 200 za alkoholi ya isopropili na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Pitisha kwa brashi laini ukifuata mifereji, usikate katikati, na lebo ya karatasi isiguswe na maji. Suuza kwa maji hayohayo ya betri bila sabuni, kisha simamisha santuri ikauke yenyewe. Maji ya bomba huacha chumvi, na chumvi inalia. Spiriti ya dukani ya vidonda iache, baadhi zina mafuta. Na kama una zile santuri za zamani zaidi, nzito na za kuvunjika, za mizunguko 78, alkoholi isizikaribie kabisa: huyeyusha kile zilichotengenezewa.

Ukienda kununua, iwe ni kwa wauzaji wa Kenyatta Market au kwa mzee anayehamisha nyumba, inamishe santuri kwenye mwanga. Mkwaruzo unaouona lakini kucha haikwami humo si kitu. Unaonasa kucha utagonga kila mzunguko. La kuogopa ni rangi ya kijivu mahali pa weusi unaong'aa, hasa karibu na katikati. Hapo sindano nzito zimekula ukuta wa mfereji, na hakuna sabuni wala programu itakayourudisha. Karibu na katikati ndiko kunakoumia kwanza kwa sababu mfereji wa ndani hupita chini ya sindano polepole kuliko wa ukingoni, ingawa mizunguko ni ileile 45. Sauti za juu hubanwa katika nafasi fupi. Ndiyo maana wimbo huanza vizuri ukamalizika kwa kukwaruza.

Kilichobaki baada ya yote hayo ndicho kilichomo kwenye rekodi, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanaweka wimbo kwenye kompyuta, wanaagiza programu iondoe kelele, wanaridhika na kimya kilichopatikana. Chupa ya Fanta imekwenda na kelele. Mlio wake uko juu, hezi elfu mbili kupanda, na mchemko wa santuri umekaa hukohuko. Katika omutibo chupa ndiyo ngoma. Bila yake magitaa yanaelea. Kwa hiyo nenda kwa mkono. Kwenye Audacity, ambayo ni ya bure, rekodi ukiacha kilele cha sauti kwenye desibeli 6 chini ya sifuri. Kuza picha ya wimbi hadi uone kila mgongo wa mkwaruzo, kisha uurekebishe mmoja mmoja. Amri ya kurekebisha inashughulikia sampuli 128 tu kwa mara moja, yaani milisekunde tatu hivi kwa rekodi ya 44,100, na huo ni urefu unaotosha. Chini ya hezi 60 kata bila huruma: waya mnene wa gitaa ukiwa wazi unalia kwenye 82, kwa hiyo huko chini ni mngurumo wa mota pekee. Ukilazimika kupunguza mchemko, ionyeshe programu kipande cha mchemko mtupu, pale sindano ikiwa tayari mferejini kabla ya gitaa kuingia, na usizidishe desibeli 6. Ukisikia sauti za waimbaji zikigeuka kama zinatoka majini, umeshapita.

Spika nayo ichaguliwe. Nyimbo hizi zilifika majumbani kwa redio ya masafa ya kati, ambayo haipitishi sana zaidi ya hezi elfu tano, na kwa spika moja. Spika moja ya ukubwa wa wastani mbele yako huziheshimu kuliko hedifoni ya bei, kwa sababu hedifoni inakuletea mchemko ndani ya sikio na kuuacha muziki mbali. Nakala zinazozunguka WhatsApp usizitumie kuhukumu. Zimebanwa mara kadhaa, na kinachotolewa kwanza katika kubana ni hizohizo sauti za juu.

Kisha kuna ile kazi tamu kuliko zote. Santuri nyingi za Kenya ziligawa wimbo mmoja pande mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, kwa kuwa upande wa 45 unabeba dakika tatu au nne hivi. Mara nyingi upande wa kwanza hufifia gitaa likiwa ndiyo kwanza limechangamka. Rekodi pande zote mbili kwa kiwango kilekile cha sauti, bila kukigusa katikati. Tafuta chupa mwishoni mwa upande wa kwanza, mahali ambapo sauti haijaanza kufifia, utafute na chupa ya kwanza iliyo wazi upande wa pili, uunganishe pigo kwa pigo. Usiunganishe kwa gitaa, hupotezwa na mwangwi wake. Pigo la chupa ni fupi na linaonekana kwenye picha kama mwiba.