Mzigo Uko Wapi? Siku Moja ya Msimamizi wa Ugavi

Nasimamia ugavi katika kiwanda kinachounganisha pampu za maji kwa vipuri vinavyotoka ng'ambo. Wengi wakisikia hivyo hudhani kazi ni kutuma oda na kungoja meli. Hawajui kwamba kutwa nzima nashughulika na mambo ambayo bado hayajatokea, na kwamba siku ikienda vizuri hakuna anayejua kama nilikuwa kazini. Hii ni Jumanne ambayo haikwenda vizuri.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nashika simu hata kabla sijanawa uso. Wauzaji wetu wako Asia ya mashariki na kwao ofisi zimefunguliwa kitambo. Naangalia vimbunga, foleni za meli bandarini, kisha habari za Bahari ya Shamu. Tangu meli zilipoanza kushambuliwa huko mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi ziliamua kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, na safari ya Asia hadi Ulaya ikarefuka kwa siku kumi au zaidi. Mzigo wetu haupiti Suez, lakini tuliumia vilevile. Meli zikizunguka mbali huchelewa kurudi, makontena matupu yanaadimika, nauli zinapanda hata kwenye njia nyingine. Ndiyo maana nafuatilia bahari ambayo mzigo wangu haupiti.

Saa moja hadi saa tatu ni ankara, orodha za vifurushi, misimbo ya forodha, na malipo ya dola ambazo bei yake ya kubadilishia tunaifunga mapema benki. Yote yamepita salama.

Saa tatu na robo unaingia ujumbe wa wakala wa meli. Kontena letu lilishushwa bandari ya kati ili libadilishe meli, na meli ya pili imeondoka bila kulipakia. Meli inayofuata ni baada ya siku tisa, "nafasi ikipatikana". Ndani ya kontena hilo kuna sili za shafti, kipuri cha mpira cha kuzuia maji yasivuje, kinachoenea kiganjani. Pampu isiyo na sili inavuja tangu siku ya kwanza, kwa hiyo haitoki kiwandani. Nafungua hesabu ya ghala: akiba ya tahadhari inatosha wiki mbili. Nikijumlisha siku tisa za kungoja, safari iliyobaki na forodha, akiba inakwisha kabla mzigo haujafika.

Namwarifu meneja wa uzalishaji mimi mwenyewe, asije akasikia kwa mwingine. Asubuhi yangu ikaishia hapo.

"Dada, si wafungue tu hilo kontena, watutolee maboksi yetu, wayapandishe ndege?"

Namweleza kwamba kontena limefungwa lakiri, liko chini ya forodha ya nchi nyingine, na hati ya shehena inataja bandari ya mwisho ndiyo ya kukabidhia. Kulifungua kunahitaji ridhaa ya kampuni ya meli, kibali cha forodha ya pale na hati mpya. Hadi yote hayo yakamilike, meli inayofuata itakuwa imeshafika. Anakata simu. Baada ya robo saa anapiga tena.

"Lakini nauli si kalipa muuzaji? Basi tatizo ni lake."

Hili nalisikia mara nyingi na linaniuma, kwa sababu linazigharimu kampuni nyingi. Tumenunua kwa masharti ya mauzo yanayoitwa CIF. Muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari yetu, ila hatari inahamia kwetu pale mzigo unapopakiwa melini kule unakotoka. Aliyelipa nauli siye anayebeba hatari. Tangu meli ya kwanza ing'oe nanga, hatari ni yetu.

"Sasa bima ya nini?"

Bima ya mizigo ya baharini, hata ile pana kabisa ya Vifungu A, haifidii hasara inayotokana na kuchelewa. "Mkuu," nikamwambia, "kuchelewa tunajikinga nako kwa akiba na kwa kuwa na muuzaji wa pili. Hakuna bima ya mzigo itakayotulipa." Alinyamaza, akasema atapiga baadaye, na kweli akapiga, tena na tena. Simlaumu. Yeye ndiye mwenye watu watakaosimama mbele ya mashine bila kazi.

Chakula cha mchana kilipita bila mimi. Niliamua tununue sili nyingine chache na kuzileta kwa ndege. Mhasibu akauliza kwa nini tulipe nauli mara mbili. Nikamwekea hesabu mbili kando kwa kando, gharama ya ndege na gharama ya siku moja ya mashine kulala pamoja na faini ya mkataba wa mteja. Akasaini.

Kumbe muuzaji hufunga kila sili kwenye boksi dogo pamoja na kichupa cha gundi inayoshika moto. Gundi hiyo ni mzigo hatari, na bila tamko lake na ufungashaji maalumu ndege haiichukui. Nikaomba gundi ibaki, tutatafuta ya kwetu. Kisha nikatazama picha ya maboksi na kuona tunataka kusafirisha hewa. Ndege hutoza kwa uzito au kwa ujazo, kipi kimezidi, na mita moja ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167. Nikawataka wazitoe sili kwenye maboksi, wazipange kwenye mifuko iliyobanwa. Ujazo ulipungua zaidi ya nusu, na nauli ikashuka nao. Hiyo ndiyo saa ya siku nzima niliyojivunia.

Jioni macho yanawaka na shingo imekaza, lakini kuna jambo la muuzaji wa pili wa sili. Tulikuwa tayari kumkubali, hadi nilipomuuliza mpira wake unatoka wapi. Unatoka kiwanda kilekile kinachomuuzia wa kwanza. Kiwanda hicho kikiungua, wote wawili wamekwisha. Machi 2000 radi ilisababisha moto mdogo katika kiwanda cha vipande vya elektroniki cha Philips huko Albuquerque, Marekani, kilichoziuzia kampuni za simu Nokia na Ericsson. Nokia ilihamia haraka kwa wauzaji wengine, Ericsson haikuwa na pa kwenda, na mauzo yake ya simu yakaumia vibaya.

Usiku, sijui saa ngapi, inafika rasimu ya hati ya mzigo wa ndege. Jina la kampuni yetu limekosewa herufi moja. Nairudisha, kwa sababu herufi hiyo ingeweza kuuzuia mzigo forodhani. Ikaja iliyo sahihi.

Meneja naye ameandika: "Zinafika lini?" Nikamtumia tarehe na namba ya hati. Kesho saa tatu naingia kwa mkurugenzi na ombi la muuzaji wa tatu, ambaye bei yake iko juu kidogo na mpira wake unatoka kwingine.